Je, wajua kwa nini aliyeuawa kwa ajili ya imani huitwa "shahidi"?

Jumapili kanisani kwetu Kisauni, ukifika wakati wa shuhuda, mtu husimama, husema "Bwana asifiwe!", akajibiwa "Amina!", kisha akaeleza aliyotendewa. Kesho yake, katika mahakama ya Mombasa, mwingine huingia kizimba cha mashahidi, akaapa na kusema aliyoyaona. Na kila tarehe 3 Juni mahujaji hujaa Namugongo, Uganda, kuwakumbuka vijana waliochomwa moto mwaka 1886. Hao nao tunawaita mashahidi. Imekuwaje neno moja libebe yote haya?

Kiswahili kilipata neno hili kwa Kiarabu, nako pia lina maana zote mbili. Jirani yetu Mwislamu analo hilo hilo, na shahada anayoitamka imetoka mzizi huo huo. Agano Jipya, hata hivyo, liliandikwa kwa Kiyunani, na huko neno martys lilikuwa la mtu aliyeona jambo akalisema, basi. Yesu alipowaambia wanafunzi wake "mtakuwa mashahidi wangu" (Matendo 1:8), hakuwa anawatuma wakafe. Kifo kilikuja kwa sababu ya jibu. Hakimu wa Kirumi aliuliza, "Wewe ni Mkristo?" Aliyejibu ndiyo, na akakataa kubadili maneno, aliuawa. Ufunuo 2:13 tayari unayaweka pamoja: Antipa, "shahidi wangu, mwaminifu wangu, aliyeuawa kati yenu".

Kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Shahidi huitwa, hajipeleki. Katika karne ya 2 kanisa la Smirna, mji ulioko Uturuki ya leo, liliandika barua kueleza kifo cha askofu wao Polikarpo. Barua hiyo inamtaja mtu aitwaye Kwinto, aliyejitokeza mwenyewe kutaka kuuawa. Alipowaona wanyama wakali, akaikana imani. Waandishi wa barua wakasema wazi kwamba hawawasifu wanaojitoa hivyo. Polikarpo mwenyewe alikubali kwanza kwenda kujificha shambani. Askari walipomfikia, aliagiza wapewe chakula, akaomba apewe saa moja ya kusali. Alipotakiwa amlaani Kristo, alijibu kwamba amemtumikia miaka 86, wala Kristo hajamtendea yeye baya lolote. Mzee huyu aliyejificha ndiye aliyesimama. Binafsi hilo hunifariji kuliko ushujaa wowote.

Hapa Mombasa tunayo habari yetu, nayo ni nzito. Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa alilelewa Goa, koloni la Wareno huko India, na watawa Waagustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwezi Agosti 1631 aliwageukia Wareno, akamuua kapteni wa Fort Jesus na kuiteka ngome. Alikuwa na sababu za uchungu, maana baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, naye mwenyewe alidharauliwa. Haki haidai tufiche hayo. Lakini Wakristo wa mjini, Wareno na Waafrika, walitakiwa wasilimu au wafe. Wako waliokubali. Wengi walikataa wakauawa, wakiwemo watoto wa pwani hii ambao hawakuwa na ngome wala utawala wa kutetea. Baadaye kanisa la Goa liliwaita walionusurika, likawaapisha na kuandika maelezo yao. Kwa hiyo tunawajua mashahidi hao kwa vinywa vya mashahidi wengine, wa aina ile ya mahakamani.

Mimi nikipita Ndia Kuu jioni, watu wakinunua viazi karai, huwawaza hao Waafrika ambao majina yao mengi hatunayo.

Siku hizi wengi wetu hatuulizwi swali lile kwa upanga. Tunaulizwa kwa karatasi. Kijana mmoja wa kanisani kwetu alikuwa karani wa mizigo. Aliletewa fomu atie sahihi kwamba kontena limefika salama, ilhali lakiri yake, ile alama ya kufungia mlango, alikuwa ameiona imekatwa. Alikataa, na mwisho wa mwezi hakuitwa tena kazini. Miezi minne alikaa nyumbani, mkewe akipika mahamri ya kuuza alfajiri.

Jumapili moja alisimama wakati wa shuhuda. Tulidhani atatangaza kazi mpya, watu wakaanza kutabasamu. Hakuwa nayo. Alisema, "Bwana asifiwe. Lakiri ilikuwa imekatwa, nami nilisema imekatwa." Akaketi.