Atomu sio mfumo wa jua mdogo

Kuna wazo limezunguka miaka mingi, kwamba atomu ni mfumo wa jua mdogo, kiini ndo jua na elektroni ndo sayari, kwa hiyo labda hata sisi tuko ndani ya atomu ya kitu kikubwa zaidi. Inaeleweka kabisa kwanini watu wanaliamini, mchoro wa vitabu vya shule unafanana hivyo, na kweli 1911 wanafizikia walianzia hapohapo, ila kufikia mwisho wa miaka ya 1920 walishauacha.

Shida iko hapa: elektroni ina chaji ya umeme, na chaji ikizunguka inatoa mawimbi na kupoteza nishati, yaani ingekuwa inazunguka kama sayari ingeangukia kwenye kiini kabla hujapepesa jicho, na hakuna jiwe wala mwili ungebaki. Halafu sayari inaweza kukaa umbali wowote na jua lake, elektroni inaruhusiwa viwango fulani tu vya nishati, ikiruka toka kiwango kimoja hadi kingine cha chini inatoa mwanga wa rangi yake maalum, na hii unaweza kuiona mwenyewe aisee. Usiku chukua CD, simama mbali kidogo na taa ya tyubu ya zamani yenye gesi ndani (sio ya LED), iinamishe taratibu mpaka rangi zitokee. Utaona rangi zimeachana, kijani pale, zambarau kule, wakati balbu ya zamani ya waya inatoa upinde wa mvua mzima usiokatika.

Mtu akikuletea nadharia ya ulimwengu muulize tu inatabiri nini kinachopimika. Hii ya sayari inatabiri gesi yoyote ikiwaka itoe upinde usiokatika, na haitoi.