Je, wajua kwa nini kompaila hukisia, na kwa nini si rahisi kuitoa kwenye kukisia?

Kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hufanya kazi kama dereva mgeni mjini. Inaziona njia zote, ila haijui ipi ina msongamano na ipi hupitwa mara moja kwa mwaka. Basi hukisia.

Kuna mbinu ya kuipa ramani, iitwayo kwa Kiingereza profile-guided optimization. Kwa njia ya kawaida, programu hutengenezwa kwanza ikiwa na alama za kuhesabia njia zinazopitwa, huendeshwa, hesabu (profaili) hukusanywa, kisha hutengenezwa upya. Watengenezaji wa lugha ya Go, walioikamilisha mbinu hii kwenye kompaila yao mwaka 2023, hutaja ongezeko la kasi la asilimia 2 hadi 14 kwa programu nyingi walizopima. Mbona basi wengi hawaigusi?

Ugumu ni kupata hesabu za kweli. Ukiizoesha programu kwa majaribio ya ofisini tu, kompaila itanyoosha njia ambazo wateja hawapiti. Lugha ya Python, ukiijenga kwa chaguo la --enable-optimizations, hujizoesha kwa majaribio yake yenyewe, ambayo yaliandikwa kusaka makosa, si kuiga matumizi ya kila siku. Ajabu ni kwamba bado inasaidia.

Zile alama nazo ni mzigo. Programu huwa nzito, na hakuna anayetaka kuiweka mbele ya wateja. Tena kwa kompaila za GCC na Clang, kwa kawaida hesabu huandikwa kwenye faili pale programu inapofungwa kwa utaratibu. Seva haifungwi hovyo, na ikiuawa ghafla huambulii kitu. Asiyelijua hili anaweza kumaliza siku nzima akitafuta kosa lisilokuwepo.

Google walikwepa tatizo hilo kwa AutoFDO: hakuna alama, ila sampuli, yaani vipimo vya hapa na pale vya njia zinazopitwa, huchukuliwa kwenye seva zinazohudumia watu halisi. Go nayo hupokea sampuli za namna hiyo.

Kompyuta ya kujengea nayo huelemewa. Mwaka 2011 ujenzi wa Firefox wa Windows kwa mbinu hii uligonga kikomo cha gigabaiti 3 za memori.

Halafu kuna watu wa Debian, mfumo endeshi wa kompyuta, wanaotaka msimbo uleule utoe faili ileile, baiti kwa baiti. Hesabu zikitofautiana kidogo tu, faili nazo zinaweza kutofautiana. Dawa ni kuhifadhi profaili pamoja na msimbo. Lakini msimbo hubadilika kila wiki, na profaili iliyohifadhiwa inabaki kuhesabu njia za zamani.