Baby Rolleiflex Si Kamera ya Watoto

Wiki hii mteja ameniwekea mezani Baby Rolleiflex ya kijivu, kamera ndogo inayopiga picha za sentimita 4 kwa 4, na kuniuliza kama inafaa kuchezewa na mwanawe, kwa kuwa ameambiwa kwamba iliitwa Baby, yaani mtoto mchanga, kwa sababu ilitengenezewa watoto. Dai hilo nimelisikia mara nyingi mno, na sasa nalijibu kwa maandishi.

Jina hilo linahusu umbo dogo la kamera, halimhusu mnunuzi wake. Kampuni ya Franke & Heidecke ya Braunschweig, Ujerumani, ilitoa Rolleiflex ya kwanza, ya picha za sentimita 6 kwa 6, mwaka 1929. Mdogo wake, huyu Baby, alifuata mwaka 1931, akitumia filamu namba 127 ambayo Kodak ilikuwa imeianzisha mwaka 1912 kwa ajili ya kamera yake ya mfukoni. Alifungwa lenzi ya Tessar ya Zeiss yenye milimita 60 pamoja na shata (kifaa kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga) ya Compur, yaani vifaa vile vile vilivyoaminiwa na wapiga picha wa kazi. Ile ya kijivu ilitoka mwaka 1957 ikiwa na lenzi ya Xenar ya Schneider, na kampuni ya Yashica ikafuata na kamera yake ya 44 mwaka 1958.

Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaokubali kwamba si kifaa cha kuchezea, kisha wakashikilia kwamba picha yake ni ndogo kuliko ya kamera ya milimita 35, eti kwa sababu yenyewe inaenea kiganjani. Wachukue rula wapime negativu. Ile ya milimita 35 ina 24 kwa 36, ambazo ni milimita za mraba 864. Ya Baby ina takriban 40 kwa 40, ambazo ni 1,600, karibu mara mbili. Zaidi ya hayo, slaidi yake hukaa katika fremu ya sentimita 5 kwa 5, sawa na ya milimita 35, kwa hiyo huingia katika projekta ile ile na kujaza ukuta kwa picha pana zaidi. Hata hivyo lazima nikiri kwamba si kila projekta huimulika sawasawa: katika baadhi yake pembe nne za picha hufifia, na hilo siwezi kulitengeneza kwa kuifungua kamera.

Hiyo niliyoletewa, nilipoiweka kwenye sekunde 1 na kufyatua, majani ya shata yalifunguka yakabaki wazi, kwa kuwa grisi ya gia za mwendo wa polepole ilikuwa imekauka ikawa kama gundi. Nimezisafisha, na sasa sekunde 1 inatimia. Mwendo wa 1/500 ya sekunde siuamini katika kamera ya umri huu, hata baada ya usafi.

Tatizo lililobaki ni filamu. Kodak iliacha kutengeneza 127 mwaka 1995, kwa hiyo huwa naichukua namba 120, yenye upana wa takriban milimita 61, naikata gizani ibaki 46, kisha naiviringisha pamoja na karatasi ya kuikinga na mwanga iliyotoka kwenye roli ya zamani ya 127. Mikwaruzo hutokea pembeni, na roli ya kwanza huwa nampigia mteja mwenyewe, naisafisha, kisha namkabidhi kamera pamoja na picha zake 12.