Shimo la dirisha la besimenti: lifunike, usilipige kufuli

Familia nyingi za Waswahili na Wakongomani waliohamia Iowa, Ohio au Minnesota, majimbo ya Marekani, hukutana huko kwa mara ya kwanza na besimenti, yaani chumba kilichochimbwa chini ya nyumba nzima. Chanzo chake ni baridi. Maji yaliyomo ardhini huganda, udongo unavimba na kunyanyua ukuta, kwa hiyo msingi lazima ushuke chini ya kina kinachoganda. Iowa kina hicho ni kama inchi 42. Fundi akishachimba kiasi hicho, akiongeza kidogo tu anapata chumba. Chumba nacho kinataka mwanga, basi dirisha linawekwa chini ya usawa wa ardhi, na nje yake linachimbwa shimo lililozungushiwa bati au plastiki ngumu.

Katika ukaguzi wa usalama wa nyumba, kitu kinachonitia hofu kuliko vyote kwenye shimo hilo ni kufuli. Aliyekulia Dar es Salaam, Nairobi au Goma amezoea kuona nondo madirishani, na dirisha tupu kwake ni kumkaribisha mwizi. Akifika huku ananunua wavu wa chuma, anaufunga juu ya shimo kwa mnyororo, kisha analala akiwa na amani. Simlaumu hata kidogo. Lakini moto ukiwaka jikoni usiku, moshi unajaa kwenye ngazi ya ndani kwanza, na waliolala chini wanabaki na njia moja tu ya kutokea, ambayo ni lile dirisha na lile shimo. Ufunguo wa kufuli uko juu, kwenye moshi.

Ndiyo maana kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani zinataka kila chumba cha kulala cha besimenti kiwe na dirisha la kutokea. Uwazi wake usipungue upana wa inchi 20 na kimo cha inchi 24, na kwa jumla ufike futi za mraba 5.7 (5 zinatosha dirisha likiwa usawa wa ardhi). Kizingiti cha chini kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni, ili hata mtoto aweze kukiparamia. Shimo lenyewe liende nje inchi 36 angalau na liwe na eneo la futi za mraba 9, na likizidi kina cha inchi 44 liwe na ngazi isiyoondoka. Kifuniko au wavu unaruhusiwa, ila ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, bila kifaa na bila kutumia nguvu nyingi. Ukikuta kidirisha kidogo cha zamani kisichopitisha mtu mzima, usimlaze mtu mle, hata kama wageni wamejaa na mwenye nyumba anasema hakuna tatizo.

Pamoja na hayo, kuacha shimo wazi nako si salama. Watoto hukimbia kinyumenyume wakicheza mpira, na mgeni anayepita pembeni ya nyumba gizani halioni. Hapa wengi hudanganyika na vile vifuniko vyembamba vya plastiki angavu. Vingi vyake vimetengenezwa kuzuia majani na mvua, wala havibebi uzito wa mtoto anayevikanyaga. Uliza dukani kifuniko kinachobeba mtu mzima. Ukishakiweka, mwambie kijana wako anayelala chini afungue dirisha, akisukume kifuniko na apande hadi nje, nawe umsubiri juu. Asipoweza, kibadilishe. Theluji ikianguka, ondoa ya juu ya kifuniko siku hiyohiyo, kwa kuwa ikiganda inakuwa nzito kama zege.

Maji nayo yanajua njia. Mabaki ya kimbunga Ida yalipofika New York usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, wengi wa waliokufa jijini humo walikuwa kwenye vyumba vya besimenti. Safisha majani yanayoziba kokoto na bomba la kutolea maji chini ya shimo, na tahadhari ya mafuriko ya ghafla ikitangazwa, watu wote wapande juu.

Wanyama ndio wanaosahaulika. Vyura, panya, sungura wadogo na nyoka wasio na sumu hutumbukia humo, na ukuta laini wa bati hauwapi pa kushika. Chura wa kiangazi hukauka na kufa kwa siku chache tu, naye ndiye anayekula wadudu wa bustani yako. Chungulia shimoni kila asubuhi. Ukimkuta chura, mtoe kwa ndoo au kwa mkono wenye glavu.

Skanki ni habari nyingine. Anafanana na kicheche wetu, tena hata kwa ule uvundo, na hajui kuparamia vizuri. Usimrukie wala usimmwagie maji. Fungia mbwa ndani, shusha polepole ubao mrefu uliofungwa taulo kuukuu, ulale kama mteremko wa paa na usisimame wima, kisha ondoka. Akianza kupigapiga miguu ya mbele chini, anakuonya, rudi nyuma. Giza likiingia atatoka mwenyewe. Akibaki hadi kesho yake, au akionekana mgonjwa, piga simu kwa ofisi ya wanyama ya mji wako. Skanki, rakuni na popo huweza kubeba kichaa cha mbwa: akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wakati wote wa joto, acha kipande cha ubao wenye mikwaruzo kwenye kona moja ya shimo, upande usio na ngazi, ili chura anayetumbukia usiku apande mwenyewe kabla hujaamka.