Simu ni ya megapikseli 108, babu ana pikseli 60

Jumatano na Alhamisi ndizo siku zangu za kugombana na watu. Mazishi mengi huku kwetu Nyanza huwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo siku hizo mbili wanaingia dukani kwangu hapa Kisumu mmoja baada ya mwingine: bango la getini, fulana za wajukuu, na ile picha kubwa ya marehemu ya kusimamishwa kando ya jeneza. Nawapa pole, nawapa kiti, kisha nauliza picha iko wapi. Simu inatolewa mfukoni, na kabla sijaiona picha yenyewe naambiwa: "Hii ni megapikseli 108." Yaani kamera yake inagawa picha katika vijiboksi vya rangi milioni 108, na kila kijiboksi ni pikseli moja.

Wiki iliyopita niliambiwa hivyo mara tatu. Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike.

Alikuwa kijana mpole, amefiwa na babu yake. Picha aliyoleta ilikuwa ya harusi: watu zaidi ya ishirini wamepanga mistari miwili, mzee yuko nyuma, wa nne kutoka kushoto, anacheka. Ilipigwa kwa simu ya binamu, ikatumwa kwenye grupu ya familia, shangazi akaipakua na kuituma tena, hatimaye ikafika kwangu. Kijana alitaka kichwa na mabega ya babu tu, saizi ya A2, ndani ya fremu.

Nikaifungua kwenye kompyuta, nikamwita aje upande wangu wa meza, nikavuta mpaka uso wa mzee ukajaa kioo. Tukahesabu vijiboksi pamoja. Uso mzima ulikuwa na pikseli 60 hivi kwa upana. Jicho la kulia, 12. Uso huo ukichapishwa kwa upana wa sentimita 25, kila pikseli inapata zaidi ya milimita 4, yaani ukubwa wa punje ya mtama. Nilitaka kumwuliza kama anataka picha ya babu au ya gunia la mtama, nikakumbuka amefiwa, nikanyamaza. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali iliyokuwa na pikseli 10,000 tu na iliyotumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Uso wa babu haukufika hata nusu ya hizo.

"Lakini simu ni megapikseli 108," akasema.

Sawa. Tuzifuatilie basi hizo 108 tuone zilikoishia.

Chukua sensa ya simu (si ile ya kuhesabu watu, nasema kile kidude nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga) kama shamba la mzee mmoja kule Vihiga. Shamba ni lile lile, nusu eka. Ukiwagawia wana wanne, kila mmoja ana mahali pa mahindi na ndizi. Ukiwagawia 108, kila mmoja ana hatimiliki mkononi na ardhi isiyotosha kufunga mbuzi. Hatimiliki zimeongezeka, eka haijaongezeka. Megapikseli ni hatimiliki, na mwanga ndio mvua: inayonyesha shambani ni kiasi kile kile, ila sasa kila ndugu anapata matone mawili.

Nakupa vipimo. Sensa ya simu ya megapikseli 108 yenye pikseli za mikromita 0.8 ni kama milimita 9.6 kwa 7.2. Kamera yangu, iliyochubuka hata jina la kampuni halisomeki vizuri, ina megapikseli 24 tu, lakini sensa yake ni milimita 36 kwa 24. Hilo ni shamba kubwa mara 12, na limegawiwa watu wachache. Pikseli moja ya kamera hiyo ina eneo la zaidi ya mara 50 ya pikseli moja ya simu. Mchana wa jua kali pale Dunga hutaona tofauti kubwa, kwa kuwa mvua ni nyingi na kila mtu anavuna. Usiku wa mkesha, chini ya balbu moja iliyoning'inizwa kwenye hema, simu inavuna chenga: madoadoa ya rangi usoni, nywele zinakuwa uji.

Waliotengeneza simu wanalijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana simu nyingi za megapikseli 108, ukiziacha zilivyotoka dukani, hazikupi 108. Zinawaambia ndugu tisa tisa waunganishe vipande vyao walime pamoja, wavune gunia moja. 108 gawanya kwa 9 ni 12. Simu ya 50 inaunganisha wanne wanne, unapata 12 na nusu. Kwa hiyo kijana alinunua 108 na kila siku anapiga 12, na hizo 12 ndizo nzuri. Zinatosha A4 safi kabisa, maana A4 kwa nukta 300 kila inchi haihitaji hata megapikseli 9.

Halafu inakuja WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, inafinywa mpaka upande mrefu ubaki na pikseli 1600 hivi. Hiyo ni 1600 kwa 1200, chini ya megapikseli 2. Sehemu tano kati ya sita za picha zimebaki njiani, na zilizofika zimekandamizwa ili faili iwe nyepesi. Shangazi akiipakua na kuituma tena, inakandamizwa tena. Gawanya hizo 1600 kwa watu kumi na wawili waliosimama bega kwa bega, kila mmoja ana 130 kwa mwili wake wote, mikono ikiwemo. Hapo ndipo zilipotoka 60 za uso. Simu ingekuwa ya megapikseli elfu moja, babu angefika kwangu na 60 zile zile.

Kwa hiyo ukitaka kuniletea picha, bonyeza kile kipini cha karatasi, chagua dokumenti, itume hivyo. Tangu 2023 kuna pia kile kitufe cha HD, si kibaya, lakini dokumenti haiguswi kabisa. Au njoo na kebo. Na usinipigie picha ya kioo cha simu nyingine. Nimewahi kuletewa.

Wengine nitawajibu kwa haraka.

"Megapikseli 24 ni mara mbili ya 12, kwa hiyo naweza kuchapisha bango refu mara mbili na pana mara mbili." Huwezi. Picha ina urefu na upana. Ili upande mmoja uongezeke mara mbili unahitaji 48. Kutoka 12 hadi 24 unaongeza upande kwa asilimia 41 tu.

"Picha yangu ni MB 5, basi ni megapikseli 5." MB ni uzito wa faili. Piga ukuta mtupu, kisha piga kichaka cha lantana kwa simu ile ile: megapikseli ni sawa, kichaka kina MB nyingi zaidi.

"Nimeivuta kwa zumu, nawe uivute tena." Zumu ya kidole ni mkasi. Vuta mara mbili, kati ya megapikseli 12 umebakiwa na 3. Vuta mara kumi, una pikseli 400 kwa 300, na kiboko wako wa Hippo Point anaweza kuwa jiwe. Simu zenye lenzi ya pili ya kuvuta karibu ni habari nyingine, mpaka nayo ifike mwisho wake.

Hii ya "ibadilishe iwe 300 DPI" (DPI ni zile nukta kwa kila inchi) wananiletea wanafunzi wa usanifu, na hao wananichosha kuliko wafiwa, kwa sababu walilipa karo kujifunza. Wanafungua programu, wanafuta 72, wanaandika 300, wanahifadhi, wananiletea kwa kujiamini. Pikseli 600 ni pikseli 600 hata ukiandika elfu tatu. Umebadilisha tu maagizo ya jinsi ya kuzipanga kwenye karatasi. Tena 300 ni ya kitu unachokishika mkononi. Bango la kando ya barabara linachapishwa kwa nukta chache tu kila inchi kwa sababu linasomwa na mtu aliye ndani ya matatu. Mwaka 2015 Apple ilijaza mabango makubwa mijini kwa picha zilizopigwa na wateja kwa iPhone 6, simu ya megapikseli 8. Na kamera ya Nikon D1 ya mwaka 1999, yenye 2.7, ilikuwa mikononi mwa wapiga picha wa magazeti.

Ukiniuliza mimi, kabla ya kununua simu nyingine, futa lenzi. Nusu ya "ukungu" ninaoletewa ni mafuta ya samaki wa kukaanga. Kisha msimamishe mama mlangoni saa mbili asubuhi, uso uelekee nje. Mwanga wa mlango unashinda flashi yoyote.

Kijana wangu hakuenda nyumbani kutafuta picha nyingine. Alirudi Alhamisi asubuhi akiwa na babu aliyesafishwa na akili bandia. Picha kali kweli, kila unywele unaonekana. Shangazi alikuwa naye. Akaiangalia, akaisogeza karibu na macho, akasema, "Huyu si baba." Mzee alikuwa wa kizazi kile cha Wajaluo waliong'olewa meno sita ya chini ujanani. Programu iliona pikseli tano sita nyeusi mdomoni, ikafikiria mdomo wa mtu hukaaje, ikampa safu nzima ya meno meupe. Haikurudisha kilichopotea, ilibuni. Ndivyo zinavyofanya zote, ila mara nyingi hakuna shangazi wa kugundua.

Saa tisa mchana walirudi na picha ya pasipoti, milimita 35 kwa 45, nyeusi na nyeupe, ina tundu la stepla kwenye pembe. Ilikuwa ndani ya Biblia. Nikaiskani kwa nukta 600: pikseli 826 kwa 1063, na uso peke yake zaidi ya 400. Nikafuta alama ya stepla, nikakataa A2, tukachapisha A3. Haikuwa kali sana. Shangazi aliitazama kwa muda, akauliza bei ya fremu.