Kuunganisha Makosa katika Programu ni Nini?

Kuunganisha makosa ni kukusanya hitilafu mbili au zaidi zilizojitokeza katika kazi moja ya programu na kuzirudisha zikiwa kitu kimoja, bila hata moja kupoteza utambulisho wake. Sharti hilo la mwisho ndilo linalotenganisha kuunganisha na kubandika maneno tu: ukiubandika ujumbe wa makosa mawili katika sentensi moja, binadamu ataelewa, lakini programu haitaweza tena kupambanua kosa la faili kukosekana na lile la muda kwisha.

Tuchukue programu inayoandika ripoti katika faili. Uandishi unakwama kwa sababu diski imejaa. Kisha faili linapofungwa, kufunga nako kunashindikana. Msimbo unaorudisha kosa moja tu utapoteza mojawapo, na mara nyingi la pili hulifunika la kwanza, ambalo ndilo chanzo. Tangu toleo la 7 la mwaka 2011, Java, katika muundo wa try-with-resources (unaofunga faili wenyewe), huliacha la kwanza liwe kuu na kuliambatisha la kufunga chini yake. Lugha ya Go, kuanzia toleo la 1.20 la mwaka 2023, ina errors.Join, ambayo hupokea makosa kadhaa, huyaruka yaliyo nil (thamani tupu, yaani hakuna kosa), na yote yakiwa nil, nayo hurudisha nil. Tabia hiyo ndogo ina manufaa makubwa, kwani mtu anaweza kuandika ndani ya defer (amri inayoahirisha kazi hadi funksheni inapomalizika):

err = errors.Join(err, f.Close())

bila kuuliza kwanza kama kuna kosa lolote, mradi err, kigezo kinachobeba kosa, kiwe kimepewa jina katika matokeo ya funksheni. Ujumbe hutoka kila kosa na mstari wake, na errors.Is, inayouliza kama kosa fulani limo, hupekua makosa yote yaliyounganishwa. (Tahadhari: errors.Unwrap, inayotoa kosa lililo ndani ya jingine, haikifungui kifurushi hiki, hurudisha nil.) Python ilipata ExceptionGroup, kosa linalobeba makosa kadhaa ndani yake, katika toleo la 3.11 la mwaka 2022, hasa kwa ajili ya kazi zinazoendeshwa sambamba.

Hata hivyo, si kila makosa yanafaa kuunganishwa. Fomu ya usajili yenye namba ya simu pungufu na tarehe ya kuzaliwa ya 31 Februari ina makosa yasiyotegemeana, na ni usumbufu kumrudisha mtu mara mbili kwa jambo ambalo angeambiwa mara moja. Lakini faili likikataa kufunguka, makosa ya kulisoma yanayofuata ni mwangwi wa lile la kwanza, na programu yafaa isimame hapo hapo.