Kitwitwi aliyezaliwa juu ya mti

Ukisimama ukingoni mwa Bwawa la Mindu pale Morogoro mwezi wa Agosti, maji yakiwa yamepungua, huenda ukamwona ndege mmoja mwenye mgongo mweusi-kijani na tumbo jeupe, anatembea peke yake topeni huku mkia ukimchezacheza. Ukimshtua anaruka kwa kelele kali na kiuno chake cheupe kinamulika. Watu humwita kitwitwi, jina ambalo wanawapa ndugu zake wengine wote wa matopeni. Kisayansi ni Tringa ochropus. Niliwahi kuwaambia wanafunzi kwamba ndege huyu amezaliwa juu ya mti, wakacheka. Huyu mwenye miguu ya kutembelea tope? Mtini atafanya nini?

Anataga. Huko kwenye misitu ya kaskazini, Ufini kwa mfano, kitwitwi huyu hajisumbui kujenga. Anatafuta kiota kilichoachwa mwaka uliopita na ndege aitwaye rastas, bakuli dogo lililokaa kwenye tawi, mara nyingi karibu na maji au kinamasi, na humo ndimo anamotaga mayai yake manne. Makinda yakianguliwa, manyoya yakishakauka, yanajirusha chini na kuanza kutafuta wadudu. Tangu siku hiyo ni ndege wa ardhini kweli.

Nimeanza na huyu kwa sababu kila nikisema nimefanya kazi ya kuhesabu ndege Kuusamo, kaskazini-mashariki mwa Ufini, naulizwa swali lilelile: huko kuna ndege gani? Swali hilo halijibiki. Niambie kwanza unauliza mwezi gani, halafu nitakuuliza kama unataka ndege anayeonekana au ndege anayetaga. Anayeonekana anahitaji msitu tu. Anayetaga anahitaji kitu kimoja mahususi ndani ya msitu: kisiki kilichooza kiasi fulani, tundu la upana fulani, kiota cha jirani aliyehama.

Karibu robo tatu ya nchi kavu ya Ufini ni msitu, na kwa mtu aliyekulia Usambara msitu huo mwanzoni unachosha macho. Miti mikubwa ni ya aina tatu hivi tu: msonobari, msprusi (Wafini huuita kuusi, mti mweusi-mweusi wenye umbo la pia iliyopinduliwa), na koivu, ule mti wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Kule Amani, hukohuko Usambara, ukitembea hatua mia unapita aina za miti usizozijua majina. Kuusamo utatembea siku nzima na ile ile mitatu. Utajiri wake haumo kwenye majina ya miti. Umo kwenye umri wake, na kwenye ile iliyokufa.

Twende na kalenda, ingawa kalenda yenyewe si ya kawaida.

Desemba jua linachungulia kwa muda wa saa tatu hivi, kisha basi. Ndege waliobaki ni wachache, na unaweza kuteleza na ski asubuhi nzima usisikie hata mmoja. Hata hivyo Wafini huwahesabu: tangu majira ya baridi ya 1956–57 watu wa kujitolea wanapita njia zao zilezile kila mwaka, wakati wa Krismasi pia. Mimi nimekwenda na kundi moja mara mbili. Siku ya kwanza kalamu iliganda wino, nikafundishwa kwamba huko hutumiwa penseli.

Februari ndipo mambo yanapoanza, na hapa ndipo watu wengi hawaniamini tena. Kuna ndege mwenye mdomo uliopishana ncha kama mkasi mbovu, Loxia curvirostra. Wafini humwita pikkukäpylintu, au käpylintu tu, yaani ndege wa koni, vile vifuko vya magamba vinavyobeba mbegu za misprusi. Mdomo huo ni wa kupanulia magamba ya koni za msprusi ili ulimi uifikie mbegu. Sasa, mwaka ambao misprusi imezaa sana, mbegu ziko tele mwishoni mwa baridi, na koni zinaanza kufunguka jua la Machi likizikausha. Kwa hiyo käpylintu hutaga Februari na Machi, theluji ikiwa imelemea matawi, nje nyuzi 20 chini ya sifuri. Jike haondoki juu ya mayai. Dume ndiye anayemletea chakula kiotani, na akichelewa hakuna mbadala. Makinda huzaliwa na midomo iliyonyooka kama ya ndege yeyote. Inapishana baadaye, wakishaanza kuhangaika na koni.

Mwaka ambao misprusi haikuzaa, käpylintu hayupo. Si kwamba amepungua. Amehama kabisa, pengine mamia ya kilomita, kutafuta mahali ilikozaa. Mtu aliyehesabu mwaka mmoja tu ataandika kwamba msitu una wengi mno, na mwenzake wa mwaka unaofuata ataandika kwamba hakuna. Wote wawili wamesema kweli.

Aprili bado ni theluji. Kuukkeli, ndege wa ukoo wa kunguru mwenye rangi ya kijivu na kutu kidogo mkiani, anajenga kiota kinene ndani ya msprusi uliosongamana, penye zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti mikongwe, akikitandika manyoya ya ndege wengine. Huyu hahami. Tangu vuli amekuwa akificha matunda na vipande vya nyama nyuma ya magome, akivigandisha kwa mate yake yanayonata. Ukikaa kuota moto anakuja kukaa karibu na begi lako kana kwamba mlikuwa na miadi. Nampenda kuliko ndege wote wa huko, nakiri. Lakini ukifyeka misprusi midogo ya chini ili msitu "upumue", kama mameneja wa misitu wanavyopenda kusema, umemwondolea maficho, na kunguru na mwewe wanakiona kiota chake kutoka mbali.

Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei madume ya metso, ndege wa jamii ya kwale lakini mwenye uzito wa kilo nne, hukusanyika alfajiri kwenye uwanja wao wa ngoma. Wanatanua mikia, wanainua shingo, wanatoa mlio wa tik-tik unaoishia kama kizibo kikichomoka chupani. Uwanja ni uleule mwaka hadi mwaka. Majike huja kuchagua, kisha kila mmoja anakwenda kutaga peke yake chini, kwa kawaida kwenye vichaka vya mustikka, mmea wa urefu wa goti wenye matunda ya buluu. Vichaka hivyo vina viwavi, na kinda la metso wiki zake za kwanza linaishi kwa wadudu. Baba yake wakati wa baridi alikuwa anakula sindano za msonobari, chakula ambacho kinda haliwezi kabisa. Ndege mmoja, makazi mawili tofauti, kutegemea umri na mwezi.

Sasa nikae kidogo kwenye matundu, maana hapa ndipo msitu wote umefungwa pamoja.

Mhandisi mkuu ni kigong'ota mweusi, Dryocopus martius, anayekaribia ukubwa wa kunguru. Anatoboa tundu kwenye msonobari mnene au mti wa haapa, analitumia, na mwaka mwingine mara nyingi anatoboa jipya. La zamani linagombewa. Bundi mdogo aitwaye helmipöllö, "bundi wa lulu", analitaka, naye huanza kulia tangu Februari usiku. Kwetu bundi akilia juu ya paa mtu anaanza kuwafikiria wagonjwa wa ukoo. Kule watu wanasimama gizani kwenye baridi kali wakimwomba alie, ili wajue mwaka huu kuna chochote. Anataga vizuri ikiwa panya wa nyasi ni wengi, na panya hao hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka mitatu au minne. Mwaka wa panya wachache, jozi nyingi hazitagi kabisa, hata tundu likiwepo.

Mgombea wa pili ni bata. Ndiyo, bata: Bucephala clangula hutaga ndani ya mti, na makinda yake siku moja hivi baada ya kuanguliwa hujitupa chini mmoja mmoja na kumfuata mama ziwani. Wafini wa zamani walilijua hilo vizuri sana. Walichonga vipande vya magogo yenye uwazi ndani, wakavitundika mitini kandokando ya maziwa ili bata watage, kisha wakachukua sehemu ya mayai. Nilipoonyeshwa gogo moja la namna hiyo kwenye jumba la makumbusho nilisema bila kufikiri: huu ni mzinga. Umbo lilelile, gogo lilelile, na hata wazo ni lilelile la kumwekea kiumbe nyumba ili akulipe kodi.

Ila si wote wanaokubali nyumba ya mwingine. Hömötiainen, Poecile montanus, ndege wa gramu 11 hivi mwenye kofia nyeusi, anataka kutoboa mwenyewe, na mdomo wake si wa kigong'ota. Anahitaji kisiki cha koivu kilichokufa zamani, kilaini kama mkate wa jana, lakini kilichosimama bado. Kisiki cha namna hiyo mtu wa mbao anakiona ni uchafu, anakisukuma kwa buti kikaanguka. Ndege huyu alikuwa mmoja wa wanaopatikana kila mahali Ufini. Katika orodha ya nchi hiyo ya mwaka 2019 ya spishi zinazotishiwa, yeye amo kwenye kundi la walio hatarini. Katika misitu inayovunwa ya kusini mwa Ufini, miti iliyokufa ni mita za ujazo zisizofika 10 kwa hekta. Katika msitu wa asili wa huko hupita 60. Kutoka angani misitu yote miwili ni ya kijani.

Mei, wahamiaji. Wanakuja kwa zamu, na aliye mwingi kupita kiasi ni pajulintu, Phylloscopus trochilus, gramu 9 za kijani na njano. Yeye na ndege mmoja wa jamii ya chiriku ndio wanaoshindania nafasi ya kwanza kwa wingi nchini. Pajulintu wa kaskazini hukaa kipindi cha baridi Afrika Mashariki na Kusini. Ukiwa Nairobi au Dodoma mwezi wa Machi ukasikia juu ya mgunga wimbo mwembamba unaoteremka kama mtu anayeshuka ngazi polepole, ni yeye, anafanya mazoezi. Hubadili manyoya yote mara mbili kwa mwaka, mara moja huko na mara moja huku, jambo ambalo ni nadra mno kwa ndege. Kuusamo anafika mwishoni mwa Mei, na hana makuu: anajenga chini, kibanda cha nyasi chenye paa na mlango ubavuni, kati ya vichipukizi vya koivu. Hata pale msitu ulipokatwa miaka michache nyuma anaridhika. Ndiyo maana wingi wake usikudanganye kuhusu hali ya msitu mkongwe.

Juni tunahesabu. Saa kumi alfajiri unatakiwa uwe umeanza, ila alfajiri yenyewe haipo, jua lilishuka tu likagusa vilele vya miti likapanda tena. Mimi niliyezoea saa inayoanza kuhesabiwa jua likichomoza nilijikuta sijui niseme saa ngapi. Njia ya kawaida ina urefu wa kilomita 6. Zipo zaidi ya 560 nchi nzima, zimewekwa tangu 2006. Mbinu ni ya Einari Merikallio, mtaalamu wa ndege wa Kifini aliyeanza kupita misituni kwa mistari namna hii miaka ya 1940. Unatembea polepole, unaandika kila ndege, na wale walio ndani ya mita 25 kila upande unawaandika kando. Karibu wote unawajua kwa masikio. Mbu wanakula mikono, na ukiwapiga hukumsikia ndege.

Ni mbinu nzuri, naitetea popote. Lakini ni mbinu ya Juni. Käpylintu nilioandika Juni walikuwa makundi yanayopita angani, wazazi na watoto waliomaliza kazi miezi miwili nyuma. Mwaka wangu wa kwanza niliwaandika kama wanaotaga pale, msimamizi wangu akakata mstari bila kusema neno. Kuukkeli wakati huo yuko kimya. Bundi alishanyamaza. Na kwenye vinamasi, kwa vitwitwi, majike wameshaanza kuondoka: huwaachia madume makinda na kuelekea kusini Juni hiyohiyo, miaka mingine mvua za kwetu zikiwa bado hazijaisha. Nusu hivi ya vinamasi vya Ufini ilichimbwa mitaro ikakaushwa ili ioteshwe miti ya kuvuna, hasa miaka ya 1960 na 1970, kwa hiyo dume anayebaki na watoto wake mara nyingi yuko kwenye kipande kilichosalia kati ya mitaro miwili.

Kufikia katikati ya Julai wimbo umekatika. Unapita msitu uleule wa Oulanka, hifadhi ya taifa tangu 1956, na unasikia miguu yako tu kwenye mbao zilizotandikwa juu ya kinamasi. Siku yangu ya mwisho msimu uliopita nilikaa juu ya begi nikisubiri gari. Kundi la käpylintu likaja likatua kwenye kilele cha msprusi mmoja, wakaning'inia vichwa chini, wakawa wanazijaribu koni mpya zilizokuwa bado za kijani. Walikaa kama dakika kumi, wakahamia mti wa pili.